Jina Lililomnyamazisha Paka

Paka aliletwa Jumatatu ndani ya kizimba cha plastiki, na karatasi zake zilikuja pamoja naye kwenye bahasha ya kaki, kama mwalimu anayeripoti shule mpya. Nilizisoma zote. Baba yake, mama yake, babu na bibi zake mpaka kizazi cha nne, wote wameandikwa, kila mmoja na rangi yake na mwaka wake wa kuzaliwa. Mimi nilipostaafu na kwenda kutafuta cheti changu cha kuzaliwa, karani alipekua mafaili siku tatu, kisha akaniuliza kama nina hakika nilizaliwa. Kwa hiyo msinilaumu nikisema nilimchukia yule paka kabla hajafungua mdomo.

Alikuwa paka wa Kiajemi, jike, rangi ya chai yenye maziwa mengi, manyoya yamemfunika hadi miguu, na uso bapa utadhani alikuwa akikimbia akagonga mlango. Alikuwa na kila kitu isipokuwa jina, na hilo jina ndilo lililotaka kutuua.

Aliyeletewa ni jirani yangu Nyanchera, mke wa marehemu Ombui. Mimi niliolewa na mdogo wake Ombui, naye pia ametangulia, kwa hiyo tumebaki wajane wawili katika boma moja huku Gesima, nyumba zetu zikitazamana, katikati mistari ya majani chai na migomba michache. Nilifundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita, na kila mtu hapa ananiita Mwalimu, hata mchungaji. Watoto sikujaaliwa. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma mbele ya safari.

Jina Nyanchera hupewa mtoto aliyezaliwa njiani, na yeye kweli alizaliwa njiani, mama yake akitoka soko la Keroka na ndizi kichwani. Watu hutania kwamba ndiyo sababu hajui kukaa chini. Ana miaka hamsini na tisa. Anachuma chai umande ukiwa bado majanini, anarudi kukama, anakwenda tena, na ncha za vidole vyake zina weusi ambao sabuni ya kipande imeshindwa kuutoa. Ijumaa alasiri huwa ameshapika chakula cha Sabato, mboga za chinsaga zimechemka na maziwa yake, nyumba imefagiliwa, na jua likizama hagusi kazi. Maneno yake ni machache. Mimi nikisema kumi, yeye anasema moja, na hilo moja mara nyingi ni "yaya", yaani hapana.

Alizaa watoto wawili. Geoffrey ni wa kwanza. Kazi yake ni kupanda minara ya simu na kuitengeneza, na mara nyingi yuko Turkana ambako, ajabu ya dunia, simu yake mwenyewe haishiki. Wa pili alikuwa Sheila. Huyo alianza kulia siku aliyozaliwa, na nadhani aliacha siku alipojifunza kuongea, maana ndipo alipopata njia nyingine ya kutupigia kelele. Alibishana na walimu, alibishana na chifu, alibishana nami kuhusu methali mpaka nikafungua kamusi. Alikuwa akisomea uuguzi Eldoret malaria ilipompanda kichwani, na baada ya siku nne tu tukawa tunachimba kaburi chini ya migomba. Hiyo ni miaka minne sasa. Shuleni na mjini alikuwa Sheila. Nyumbani alikuwa Nyakerario, jina la nyanya yake Ombui.

Kwetu jina la aliyekufa halizikwi. Mwili unazikwa, jina linangoja mtoto. Kanisani tunafundishwa kwamba wafu wamelala na hawana habari na sisi, nasi tunaitikia amina kwa moyo wote, kisha tunarudi nyumbani na kuwapa watoto majina yao. Nyanchera alikuwa akimngoja mtoto wa Geoffrey. Hakuomba kingine. Alitaka siku moja asimame mlangoni aite "Nyakerario!" na mtu aitike.

Lakini kuna sharti. Mtoto aliye tumboni haitwi. Humnunulii nguo, humshonei shuka, na jina lake hulitaji hata kwa utani. Nyanchera alilivunja sharti hilo mara moja tu. Miaka miwili iliyopita, mke wa Geoffrey alipopata mimba ya kwanza, furaha ilimzidi akawaambia wenzake kwenye chai, "Nyakerario anarudi." Ilipofika mwezi wa tano mimba ikatoka. Hakuna aliyemlaumu, na daktari alieleza sababu yake vizuri. Yeye aliulaumu mdomo wake, na tangu siku hiyo akautia kufuli.

Mke wa Geoffrey ni Gentrix, msichana wa upande wa ziwani mwenye saluni Kisii mjini. Wanakaa Mosocho. Ni mchangamfu, ana heshima, mikono yake haikai bure, ila kwa Ekegusii, lugha yetu, anachokijua ni salamu tu. Aliolewa mwaka mmoja baada ya mazishi. Kabla ya hapo alikuwa amemwona Sheila mara mbili tu, akimjua kwa jina hilo la mjini. Jina la nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu tulikuwa tumeacha kulitaja karibu na Nyanchera, kama mtu anavyokwepa kugusa jipu.

Paka alikuwa wa Gentrix. Alimnunua kwa mfugaji mmoja wa Nairobi, kwa nia ya kuzalisha na kuuza, kabla hajajua kwamba ana mimba tena. Mimba ilipofika mwezi wake wa nane, daktari akamwambia apumzike kitandani na asikaribie kabisa mchanga anamojisaidia paka, kwamba una vijidudu vibaya kwa mama mjamzito. Ndipo mnyama akapandishwa Gesima kwa mama mkwe.

Kilichobaki kilikuwa kumwandikisha. Hao wafugaji wa paka wa ukoo wana kitabu chao, na fomu ya mtandaoni ingefungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jina likishaingia mle halifutiki. Linamfuata paka mpaka kifo, kisha linaandikwa kwenye karatasi za watoto na wajukuu wake. Gentrix alikuwa amepeleka majina ya kizungu, ya malkia na ya lulu, yote akaambiwa yana wenyewe.

"Mama, nitafutie jina ya huko kwenu," alimwambia Nyanchera kwa simu. "Jina poa, yenye hakuna paka ingine iko nayo."

Sisi paka wetu hawana majina. Ni watu wa panya. Unatoa sauti ya midomo, wanakuja, unawatupia kichwa cha omena, wale dagaa wa ziwani, wanaondoka. Nyanchera alisema atafikiri, na nilijua hatafikiri, kwa sababu yule mnyama alikuwa amempa taabu nyingine kubwa zaidi: hakula. Jumatatu hakula, Jumanne hakula, Jumatano hakula. Alipewa maziwa, omena, kuku wa kuchemsha ambaye sisi wenyewe tulikuwa tunammezea mate. Alikaa juu ya gunia karibu na jiko na kulia, na kilio chake hakikuwa cha paka. Kilikuwa cha mtoto mchanga, kile kirefu kinachopanda na kukatika na kuanza upya.

Alhamisi saa kumi hivi mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa jikoni kwa Nyanchera nikimmenyea viazi, yeye akikoroga uji. Gentrix alipiga simu kwa namba yangu, nikaiweka juu ya meza kwa sauti kubwa ili wote tusikie. Alikuwa analia.

"Mwalimu, akikufa? Ata sijamaliza kumlipia."

"Hafi," nikasema, ingawa mbavu zake nilikuwa nimezishika nikazihesabu moja moja.

Paka akazidisha. Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Mtoto mchanga akilia hivyo kwetu, mwanamke mtu mzima humpakata akaanza kumtajia waliokufa wa ukoo, mmoja mmoja. Akinyamaza kwenye jina fulani, basi ndiye huyo aliyekuja. Nimefanya hivyo mara nyingi, labda kwa kuwa mimi sina wangu, watu huniletea wao. Mikono ilimwinua yule paka kabla ya akili, ikaanza kumtikisa taratibu.

"Ni wewe Kerubo? Basi nyamaza. Ni Bosibori? Nyamaza, mama."

Nyanchera akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, nami nikaona nimepata sifa. Mtu akishapata sifa hajui pa kukomea.

"Ni Kwamboka? Ni nani basi? Ni Nyakerario?"

Paka akanyamaza.

Hakupunguza sauti, alinyamaza. Alifungua macho, yale macho yake ya rangi ya shaba, akanitazama, akashuka mapajani mwangu, akaenda moja kwa moja kwenye sahani na kuanza kula omena. Tulisikia anavyotafuna. Mwiko wa Nyanchera ulikuwa umesimama katikati ya sufuria.

"Amenyamaza?" simu ikasema mezani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba haijakatwa. "Haki ya Mungu amenyamaza! Anakula? Mwalimu, hiyo jina umesema ni gani? Nyakerario? Woi, ni tamu! Imemkubali yenyewe. Sitafuti ingine, naandika hiyo. Kesho nikipata network nzuri natuma."

"Gentrix, ngoja," nikasema. Simu ikalia mara moja ikazimika. Chaji ilikuwa imekwisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu mvua ianze.

Nyanchera aliepua uji. Aliufunika. Alivaa buti za mpira akatoka kwenye mvua, akaingia kwenye chai ambako hakukuwa na kazi yoyote saa ile. Nilimfuata mpaka kwenye mlango.

"Leta simu yako nimpigie sasa hivi," nikamwambia. "Nitamweleza. Ni neno moja tu."

"Yaya."

"Mama Geoffrey!"

"Umeshasema ya leo," akajibu bila kugeuka. "Yametosha."

Ulimi uliponza kichwa, nimewaandikia watoto methali hiyo ubaoni mwaka baada ya mwaka. Kumbe nilikuwa najiandikia mwenyewe.

Ijumaa asubuhi hakunijibu salamu. Nilimkuta kwenye mstari wa tatu wa chai, anachuma kwa kasi isiyo ya kawaida yake, na nikaanza kuchuma upande wa pili ili awe na mtu wa kumkasirikia karibu. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari.

"Saa kumi na moja leo jioni," nikasema, "jina la mtoto wako litakuwa la paka. Paka huyo atazaa. Vitoto vitauzwa Nairobi vikiwa na jina hilo kwenye karatasi. Na wewe uko hapa unachuma chai."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni jina la Sheila."

"Ataniuliza kwa nini Sheila asipewe heshima ya paka kuitwa kwa jina lake. Wao vijana wanaona ni heshima. Nitamwambia jina hilo halitolewi kwa paka, limewekwa. Ataniuliza ni la nani basi." Alisimama, majani yamejaa mkononi. "Nijibu nini, Mwalimu? Nilishajibu swali hilo mara moja, hapa hapa kwenye chai. Unajua kilichotokea."

"Hakikutokea kwa sababu yako."

"Wewe unajua?"

Sikujua.

Kisha akasema kile alichokuwa amekibeba usiku kucha, na alikisema kwa sauti ndogo sana, kama anaogopa migomba isije ikasikia. "Alinyamaza. Ulimwona. Ulimtajia watu wengi, hakuwataka, ulipofika kwa mtoto wangu akanyamaza akala. Kama ni paka tu, mbona alinyamaza pale? Na kama amechoka kungoja, akaingia mlango uliokuwa wazi? Huyo wa tumboni atakuja nani?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kumkumbusha kwamba yeye ni shemasi wa kanisa. Lakini nilipomtazama usoni nilimwona mama anayeogopa kupoteza mtoto yule yule mara ya pili, na aibu ikanishika mpaka masikioni. Ule ulikuwa utani wangu.

"Alinyamaza kwa sababu alikuwa na njaa," nikasema.

"Alikuwa na njaa tangu Jumatatu," akanijibu, akarudi kwenye majani yake.

Saa sita akatoka nyumbani kwake amevaa nguo za kanisani. Mkononi alikuwa na kizimba, paka ndani, maana hakuthubutu kumwacha peke yake, na kwapani mkoba mweusi. Chinsaga za Sabato zilikuwa zimebaki mezani bila kupikwa, na mimi katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona hivyo.

"Sitamtaja wa tumboni," alisema. "Nitamtaja aliyekufa tu. Akielewa, ameelewa. Ila kwa simu siwezi. Twende."

Matatu yetu ilipofika karibu na Keroka, lori la majani chai lilikuwa limeteleza kwenye tope na kulala upande, njia yote imezibwa. Tulishuka tukapita kwa miguu katikati ya watu waliokuwa wakiokota majani, mvua ikitunyeshea, Nyanchera akiwa amekivua kitambaa chake cha kichwa na kukifunika kizimba. Paka alilia njia nzima. Kila alipolia Nyanchera alifumba macho, na mimi, mwenye mdomo, sikuthubutu hata kusema "shii". Nilitazama saa kila baada ya dakika mbili, kama kutazama kunapunguza.

Tuliingia Mosocho kwa matatu nyingine saa kumi na dakika arobaini. Gentrix alikuwa sebuleni, amelazwa kwenye kochi na mito mgongoni, simu mkononi.

"Mama! Mwalimu! Mbona mnanyeshewa? Karibuni, karibuni. Ngoja nitume hii kitu ya paka kwanza, network imezunguka toka saa tisa. Sasa ndio imeanza kushika."

"Usitume!" nikapiga kelele.

Nyanchera akanigusa mkono. Kwetu mama mkwe haingii kwa mkwewe na kelele. Alisalimia. Aliuliza habari za mwili wake, habari za miguu iliyovimba, habari za Geoffrey. Aliketi. Nilitaka kufa. Gentrix alijibu moja moja kwa heshima, kidole chake cha gumba kikiwa kimesimama juu ya kioo, na ukutani saa ilikuwa inakimbia.

Hatimaye Nyanchera akafungua mkoba. Alitoa ratiba ya mazishi, ile karatasi ya kukunjwa yenye picha mbele, kona zake zimechakaa. Aliiweka juu ya mapaja ya Gentrix, akageuza uso akatazama dirishani.

Gentrix alisoma. Niliona midomo yake ikisoma jina la kwanza, ikasoma la pili, ikasimama. Sheila Nyakerario Ombui.

"Mama," akasema. "Mama, hii ni jina ya Sheila?"

"Eeh."

"Na mimi nimeweka kwa paka." Aliitupa simu kando kama imemchoma. "Miaka tatu niko kwenu. Miaka tatu! Hakuna mtu angeniambia? Mimi ni mgeni mpaka lini?"

Swali hilo lilikuwa kisu, nasi tulikistahili. Nyanchera aliinamisha kichwa. "Ilikuwa inanikata mdomo," akasema. "Si wewe. Ni mimi nilishindwa kuitaja."

Gentrix akapangusa machozi na kiganja. Kisha akatazama ile picha tena, akatazama tumbo lake, na mkono wake ukapanda juu ya tumbo polepole. Niliona neno likipanda kooni mwake. "Kwa hivyo huyu mtoto, akiwa ni msichana, mlikuwa mnataka..."

Nyanchera aliinua mkono. Hata ile "yaya" yake haikutoka.

Gentrix alifunga mdomo. Watu wa ziwani nao wana miiko yao, na mtu aliyepoteza mimba hahitaji kufasiriwa woga. Alichukua simu akafuta lile jina, herufi baada ya herufi, akatuonyesha mahali palipobaki wazi.

"Imebaki dakika nane," akasema. "Nikikosa leo atakaa bila karatasi. Tuweke gani?"

Nikajaribu kurekebisha nilichoharibu. Nikataja jina moja. "Huyo ni mama yake Ombui," Nyanchera akasema. Nikataja la pili. "Dada yangu." La tatu. "Huyo yuko hai, ni mke wa mzee wa kanisa." Kila jina la kwetu lina mtu, aliye juu ya udongo au aliye chini yake. Gentrix alisema zimebaki tano.

Hapo Nyanchera akanigeukia. Macho yake yalikuwa na hasira niliyoingojea tangu Alhamisi, na nilipoiona karibu nifarijike.

"Mwalimu," alisema, "ulitoa jina la mtoto wangu bila kuniuliza. Sasa toa lako."

Nitasema ukweli. Iliniuma. Mimi sina mtoto wala mjukuu. Siku nikifa hakuna tumbo linaloningoja, hakuna mwanamke atakayempakata mtoto anayelia akafika kwangu kwenye orodha. Jina langu ndilo kitu pekee ambacho sikuwahi kugawa. Nalo lenyewe hata halitumiki, maana wote mnaniita Mwalimu. Wa mwisho kuniita kwa jina hilo alikuwa marehemu mume wangu. Nilimtazama yule mnyama mwenye uso wa kugonga mlango, nikahisi machozi yananipanda, na nikayazuia kwa sababu ya umri.

"Andika Nyangate," nikasema.

Gentrix alisita. "Hiyo ni jina ya nani?"

"Langu."

"Mwalimu! Sikuwa najua."

"Andika, mama, muda unakwisha."

Akaandika. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na sote watatu tukainama juu ya simu tukiwa tumeshika pumzi. Saa kumi na dakika hamsini na nane fomu ikapokelewa. Paka alikuwa amelala.

Jua lilituzamia huko Mosocho, kwa hiyo tulilala, na Sabato tukaabudu na wenyeji. Nyanchera alianza kusema nami tena siku hiyo jioni. Aliniambia nimsogezee chumvi.

Lakini ule woga wake haukuondoka na fomu. Nilimwona wiki tatu zilizofuata. Paka alirudi nasi, akalala jikoni kwake, akala, akanenepa, na kila Nyanchera alipompa chakula alimtazama kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayetaka kuuliza swali na anaogopa jibu. Hakumwita jina lolote. Mara moja nilimkuta amechuchumaa mbele yake, midomo imefunguka kidogo, na aliponiona akasimama akachukua ndoo.

Mtoto alizaliwa Jumatano asubuhi, hospitalini Kisii. Msichana. Geoffrey alikuwa ameshuka kutoka Turkana siku iliyotangulia na alikuwa amekaa kwenye benchi nje, viatu vyake bado vina vumbi la huko. Sisi wanawake tukaruhusiwa kuingia. Tulimsikia mtoto tangu kwenye ngazi. Muuguzi alitupisha mlangoni akisema huyo amewaamsha wote.

Gentrix alikuwa amechoka, nywele zimesimama, anatabasamu. Alimpa Nyanchera mtoto. Nyanchera alimshika, mtoto akalia zaidi, uso mwekundu, ngumi zimekunjwa.

"Mama," Gentrix akasema. "Amezaliwa sasa. Mwite."

Nyanchera hakufungua mdomo. Nilijua anachokifikiri kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria: paka alinyamaza. Sasa wodi nzima ilikuwa inatazama, na mtoto akikosa kunyamaza ingekuwa jibu. Nilitamani kuwa mahali pengine popote. Nilitamani nirudi ile Alhamisi nijishonee midomo.

"Mama, mwite," Gentrix akarudia.

"Nyakerario," akasema, kwa sauti ambayo ni mimi na Gentrix tu tulioisikia.

Mtoto alilia.

"Nyakerario," akasema tena kwa nguvu kidogo.

Mtoto alivuta pumzi, akalifungua lile koo, akalia kwa kelele iliyomfanya mwanamke wa kitanda cha dirishani azibe masikio. Nikainama kutazama sakafu, maana sikuweza kumtazama Nyanchera.

Kisha nikasikia sauti nisiyoielewa. Nikainua macho. Nyanchera alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu, mabega yanamtikisika, na amemkumbatia yule mtoto anayepiga mayowe kama amepewa dunia.

"Mwalimu," alisema, "wewe ulikuwepo. Sheila nani aliwahi kumnyamazisha?"

Nikakumbuka. Nilimtajia ukoo mzima nikiwa kijana bado, siku baada ya siku, na jina lake lenyewe nililitaja mara elfu, na hakuna siku hata moja aliyonyamaza kwa sababu nimemwambia.

Gentrix akanyoosha mikono ampokee amnyonyeshe. "Nimpe maziwa anyamaze?"

"Yaya," Nyanchera akasema, akimkaza kifuani. "Mwache kwanza. Mwache alie."